Herufi Chache, Mipangilio Mingi: Hisabati ya Kuunda Maneno ya Kiingereza

Zoezi la kuunda maneno ya Kiingereza kutokana na herufi zilizotolewa ni zoezi la siku nyingi katika shule za sekondari. Mwalimu huandika ubaoni herufi tano au saba, kisha huwataka wanafunzi waunde maneno mengi kadiri wawezavyo, kila herufi ikitumika mara moja tu. Mara nyingi zoezi hili huchukuliwa kuwa burudani ya kumalizia kipindi, na mwanafunzi anayeshinda husifiwa kwa wepesi wa akili au kwa bahati.

Hata hivyo, ndani ya zoezi hilo mna maswali mawili yanayostahili kuchunguzwa kisayansi. La kwanza ni hili: je, herufi zilizotolewa zaweza kupangwa kwa njia ngapi? La pili ni gumu zaidi: katika wingi huo wa mipangilio, maneno ya kweli yatapatikanaje bila ya kupoteza siku nzima? Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba mtu anayetafuta maneno kwa kupanga na kupangua herufi ameianza kazi yake kwa upande usiofaa, na kwamba iko njia nyingine ambayo shule yoyote yaweza kuifuata, iwe na kompyuta au isiwe nayo.

MIPANGILIO NI MINGAPI?

Na zichukuliwe herufi nne: O, P, S na T. Nafasi ya kwanza ya neno yaweza kujazwa na herufi yoyote kati ya hizo 4. Nafasi hiyo ikisha kujazwa, zimebaki herufi 3 kwa nafasi ya pili, kisha 2 kwa nafasi ya tatu, na moja kwa nafasi ya mwisho. Kwa hiyo jumla ya mipangilio ni 4 × 3 × 2 × 1, yaani 24. Katika mipangilio hiyo 24, sita ni maneno ya Kiingereza: STOP, simama, POST, nguzo, SPOT, doa, POTS, vyungu, TOPS, vilele, na OPTS, kitenzi chenye maana ya huchagua. Robo nzima ya mipangilio imetoa maneno, jambo ambalo ni nadra sana.

Zao la namba zote kuanzia moja hadi namba fulani huitwa faktoria ya namba hiyo, na katika vitabu vya hisabati huandikwa kwa kuweka alama ya mshangao baada ya namba yenyewe: 4! ni 24. Sifa kuu ya faktoria ni kwamba hukua kwa kasi isiyotarajiwa. Herufi 5 zilizo tofauti zina mipangilio 120. Herufi 7 zina 5,040. Herufi 8 zina 40,320. Na herufi 10 zina 3,628,800.

Ili ukubwa wa namba hizi ueleweke, na achukuliwe mtu mwenye kuandika mpangilio mmoja kila sekunde, bila kula wala kulala. Mtu huyo atamaliza herufi nne kwa sekunde 24. Herufi saba zitamchukua saa 1 na dakika 24. Herufi nane zitamchukua saa 11 na dakika 12. Herufi kumi zitamchukua siku 42 kamili. Kuongeza herufi mbili tu, kutoka nane hadi kumi, kumeikuza kazi mara 90.

Tena hesabu hiyo ni ya mipangilio inayotumia herufi zote. Zoezi la kawaida humruhusu mwanafunzi kutumia baadhi tu ya herufi, na hapo wingi huzidi. Kwa herufi 7 zilizo tofauti, mipangilio ya herufi moja ni 7, ya herufi mbili ni 42, ya tatu 210, ya nne 840, ya tano 2,520, ya sita 5,040, na ya saba 5,040. Jumla yake ni 13,699.

Herufi inapojirudia, hesabu hupungua. Kwa mfano, herufi T, T, O na O hazina mipangilio 24, kwa sababu kubadilishana nafasi kwa T mbili hakuleti jambo jipya, na vivyo hivyo kwa O mbili. Basi 24 hugawanywa kwa 2, kisha kwa 2 tena, na jibu ni 6. Mipangilio yenyewe ni TTOO, TOTO, TOOT, OTTO, OTOT na OOTT. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki ataona mara moja kwamba TOOT ni neno la Kiingereza lenye maana ya kupiga honi, ambapo TOTO ni neno la Kiswahili. Herufi ni zile zile. Lugha ndiyo huamua upi uwe neno na upi uachwe.

MWANAZUONI WA BASRA

Fikira ya kuhesabu maneno yote yawezayo kuundwa haikuanzia katika Kiingereza, wala si ya zama za kompyuta. Katika karne ya 8 aliishi Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mtu wa asili ya Omani aliyefundisha katika mji wa Basra, Iraki. Washairi wa Kiswahili wanalo deni kwake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka misingi ya elimu ya arudhi ya Kiarabu. Aidha, kwake hunasibishwa kamusi ya kwanza kubwa ya lugha ya Kiarabu, iitwayo Kitab al-Ayn.

Al-Khalil alikabiliwa na swali gumu: mtungaji wa kamusi atajuaje kwamba hakusahau neno? Jibu lake lilikuwa la kihisabati. Maneno ya Kiarabu hujengwa juu ya mizizi ya konsonanti, kama inavyoonekana hata katika maneno ya Kiswahili yaliyotoka huko: kitabu, katibu na maktaba yote yana K, T na B. Al-Khalil akatambua kwamba mzizi wa konsonanti mbili hupangika kwa njia 2, wa tatu kwa njia 6, wa nne kwa njia 24, na wa tano kwa njia 120. Akalishika kila fungu la konsonanti, akaupitia kila mpangilio wake, na kubainisha ni upi unaotumika na Waarabu na ni upi uliotelekezwa. Mipangilio mingi ya konsonanti nne na tano iliangukia upande wa pili.

Hapo pana somo la kudumu. Hisabati yaweza kutaja yote yanayowezekana. Haiwezi peke yake kusema ni yapi yaliyopo. Ili kuyajua yaliyopo, hapana budi kuwaendea wenye lugha.

KWA NINI MANENO NI MACHACHE?

Kila lugha ina sheria zake za kuunganisha sauti, na sheria hizo ndizo zinazoitupa mipangilio mingi. Kiswahili ni mfano mzuri. Kwa kawaida silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na konsonanti hufuatwa na irabu. Na zichukuliwe herufi K, A, L na I. Mipangilio yake ni 24, lakini ile inayofuata utaratibu wa konsonanti, irabu, konsonanti, irabu ni 4 tu: KALI, KILA, LAKI na LIKA. Zote nne zina maana. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuijaribu mipangilio 20 iliyobaki. Sikio lake limekwisha ikataa.

Kiingereza hakina utaratibu rahisi namna hiyo. Neno la Kiingereza laweza kuanza kwa konsonanti tatu, kama vile STREET, na laweza kuishia kwa konsonanti kadhaa, kama vile STRENGTH. Ndiyo sababu mwanafunzi aliyezoea Kiswahili huweza kuunda TONE na NOTE upesi, kwa kuwa yanaishia kwa irabu, lakini akachelewa kuona NEST na SENT. Pamoja na hayo, Kiingereza nacho kina mipaka yake. Hakuna neno la kawaida la Kiingereza linaloanza kwa NS, NT wala TN. Mtu aliyepewa herufi S, T, O, N na E akilijua hilo, anaikata mipangilio 6 kwa kila mwanzo usiofaa, yaani 18 kwa mara moja, bila ya kuiandika hata mmoja.

Uhaba wa maneno waweza kupimwa. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26. Kwa hiyo mafungu ya herufi tano tano yanayoweza kuandikwa, herufi zikiruhusiwa kujirudia, ni 26 × 26 × 26 × 26 × 26, yaani 11,881,376. Orodha kubwa zitumikazo katika mashindano ya maneno, ambazo hukubali hata maneno yasiyojulikana na wengi, zina maneno ya herufi tano yapatayo 13,000 hivi. Basi kwa wastani ni neno moja katika kila mafungu 900 na zaidi.

Mtaalamu wa Marekani, Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika Maabara ya Bell, alilichunguza jambo hili kwa njia nyingine katika makala aliyoitoa mwaka 1951. Aliwapa watu maandishi ya Kiingereza yaliyokatizwa, akawataka wakisie herufi inayofuata. Wakakisia kwa usahihi mkubwa kuliko ambavyo bahati tupu ingeruhusu. Kutokana na majaribio hayo Shannon alikadiria kwamba, katika maandishi marefu ya Kiingereza, kiasi cha robo tatu ya yanayoandikwa hulazimishwa na muundo wa lugha, na ni robo tu iliyo hiari ya mwandishi. Anayeijua lugha, kwa hiyo, habahatishi, anaongozwa.

SIRI YA ROBERT HOOKE

Kila mwanafunzi wa fizikia hukutana na kanuni ya Hooke, isemayo kwamba urefu unaoongezeka katika springi hulingana na nguvu inayoivuta, maadamu springi haikupita kiasi chake. Si wengi wanaojua kwamba kanuni hiyo ilitangazwa kwanza kama fumbo la herufi.

Katika karne ya 17 mgunduzi alikuwa na mashaka mawili. Akiueleza ugunduzi wake mapema, wengine wangeweza kuuchukua kabla hajaukamilisha. Akinyamaza, mwingine angeweza kuugundua na kupata sifa. Robert Hooke wa London aliyakwepa mashaka yote mawili. Mwaka 1676 alichapisha herufi 14 zilizopangwa kwa utaratibu wa alfabeti, bila maelezo ya maana yake. Mwaka 1678 akazipanga upya ziwe maneno manne ya Kilatini, yenye maana kwamba kadiri kitu kinavyovutika ndivyo nguvu yake ilivyo.

Katika herufi hizo 14, I imetokea mara tatu, S mara tatu, T mara mbili, na nyingine sita mara moja moja. Mipangilio yake basi ni 14! ikigawanywa kwa 6, kwa 6 tena, na kwa 2. Jibu ni 1,210,809,600. Yule mwandishi wa mpangilio mmoja kwa sekunde angehitaji zaidi ya miaka 38 kuimaliza. Lakini Hooke alipotoa maneno yake, kila msomaji aliweza kuhakikisha kwa dakika moja kwamba herufi ni zile zile: yatosha kuzipanga herufi za maneno hayo kwa alfabeti na kuzilinganisha na zile za mwaka 1676.

Hapa ndipo palipo kiini cha jambo zima. Kutoka herufi kwenda kwenye maneno, njia ni ndefu mno. Kutoka maneno kwenda kwenye herufi, njia ni fupi kabisa.

KULIGEUZA SWALI

Ikiwa njia ya kurudi ni fupi, kwa nini isitumike hiyo? Badala ya kuuliza, "Ni mpangilio upi wa herufi hizi ulio neno?" na iulizwe, "Ni neno lipi lenye herufi hizi?" Maswali haya mawili yanafanana kwa sura, lakini kazi yake ni tofauti kabisa. Swali la kwanza hutafuta katika mipangilio, ambayo huongezeka kwa faktoria. Swali la pili hutafuta katika maneno, ambayo idadi yake ina mpaka. Orodha moja kubwa ya maneno ya Kiingereza kwa ajili ya mashindano ina maneno yapatayo 280,000. Hiyo ni idadi kubwa, lakini ni ndogo mara kumi na zaidi kuliko mipangilio ya herufi kumi tu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila neno katika orodha hupewa ufunguo, na ufunguo wa neno ni herufi zake zilizopangwa kwa alfabeti. Neno STONE, jiwe, lina ufunguo ENOST. Neno NOTES, maandishi mafupi, lina ufunguo ule ule ENOST. Na kadhalika ONSET, mwanzo, na TONES, sauti. LISTEN, SILENT, ENLIST na TINSEL yote yana ufunguo EILNST. Maneno yote yakisha kupewa funguo, funguo hizo hupangwa kwa alfabeti kama maneno ya kamusi. Maneno yenye herufi sawa, ambayo katika kamusi ya kawaida yalitawanyika kurasa mbalimbali, sasa yamekaa pamoja.

Anayepewa herufi hahitaji tena kuzipangua. Huzipanga kwa alfabeti mara moja, akafungua kamusi ya funguo mahali panapohusika, na maneno yote yako mbele yake. Jon Bentley, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliutumia mfano huu mwaka 1983 katika safu yake ya jarida la Communications of the ACM, ili kuwaonyesha watayarishaji wa programu kwamba fikira moja njema yaweza kuokoa kazi kubwa ya mashine. Kompyuta ya kawaida ya siku hizi huzitayarisha funguo za orodha nzima kwa sekunde chache.

Na vipi kuhusu maneno mafupi yanayotumia baadhi tu ya herufi? Hapa pia ufunguo unashinda. Kwa kila herufi kuna mambo mawili tu: ichukuliwe au iachwe. Kwa herufi 7 zilizo tofauti kuna njia 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 128. Ikiondolewa ile ya kuziacha zote, zinabaki 127. Basi anayetumia funguo hutazama mahali 127, ambapo anayepangua herufi hukabiliwa na mipangilio 13,699. Kazi imepungua hadi chini ya asilimia 1.

Mfano mdogo utadhihirisha hayo. Herufi za ENOST hutoa mafungu kumi ya herufi tatu: ENO, ENS, ENT, EOS, EOT, EST, NOS, NOT, NST na OST. Chini ya ENO yako maneno ONE na EON; chini ya ENT, NET na TEN; chini ya EOT, TOE; chini ya EST, SET; chini ya NOS, SON; chini ya NOT, NOT yenyewe na TON. Chini ya NST hakuna kitu, maana fungu hilo halina irabu. Mafungu kumi yametazamwa mahali pa mipangilio 60.

NAMBA TASA ZIKIFANYA KAZI YA HERUFI

Ufunguo waweza pia kuwa namba, na njia hii itawapendeza walimu wa hisabati. Na kila herufi ipewe namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe: A iwe 2, E iwe 3, T iwe 5, O iwe 7, N iwe 11, R iwe 13, na S iwe 17. Ufunguo wa neno sasa ni zao la namba za herufi zake. STONE ni 17 × 5 × 7 × 11 × 3, yaani 19,635. NOTES ni 11 × 7 × 5 × 3 × 17, nayo ni 19,635. Mpangilio haubadili zao, kama vile 3 × 5 na 5 × 3 ni sawa.

Je, maneno mawili yenye herufi tofauti yaweza kupata zao moja? Hayawezi. Kila namba kubwa kuliko moja huvunjika katika namba tasa kwa njia moja tu, na kanuni hiyo, ambayo misingi yake imo katika kazi ya Euklidi, ilithibitishwa kikamilifu na Carl Friedrich Gauss katika kitabu chake cha mwaka 1801. Kanuni ambayo mwanafunzi huisoma darasani na pengine kujiuliza ina faida gani, hapa ndiyo inayolinda ufunguo usikosee.

Njia hii ina faida ya ziada: hujibu kwa kugawanya kama neno fulani laweza kuundwa kutokana na herufi zilizotolewa. TONE ni 5 × 7 × 11 × 3, yaani 1,155. Gawanya 19,635 kwa 1,155, jibu ni 17 bila baki. Basi TONE yaweza kuundwa, na herufi iliyobaki ni yenye namba 17, yaani S. RAT ni 13 × 2 × 5, yaani 130. Namba hiyo haigawi 19,635 bila baki, kwa hiyo RAT haiwezekani. SEE ni 17 × 3 × 3, yaani 153. Nayo inaacha baki, kwa sababu E iko mara moja tu katika STONE, ilhali SEE inataka E mbili. Kosa la kuirudia herufi, ambalo wanafunzi hulifanya mara nyingi, limegunduliwa na hesabu yenyewe.

NENO BILA MAANA

Mchezo wa kuunda maneno ulipata umbo lake mashuhuri nchini Marekani. Alfred Butts, msanifu majengo aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ni zipi zinazotumika zaidi. Kutokana na hesabu hiyo alibuni mchezo ambao tangu mwaka 1948 unajulikana kwa jina la Scrabble. Vibao vyake vidogo ni 100, na kila mchezaji hushika 7 kwa wakati mmoja. E ina vibao 12, Q ina kimoja tu. Q na Z zina pointi 10 kila moja, na E ina pointi 1. S imepewa vibao 4 tu, ili wachezaji wasiishi kwa kuongeza S ya wingi mwishoni mwa kila jina.

Mwaka 2015 ulileta matukio mawili yanayofaa kutafakariwa. Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo kwa lugha ya Kiingereza, katika mashindano yaliyofanyika Perth, Australia, akiwa Mwafrika wa kwanza kupata heshima hiyo. Mwaka huo huo Nigel Richards wa Nyuzilandi alipata ubingwa wa dunia kwa lugha ya Kifaransa, ilhali hakuwa akizungumza Kifaransa. Alikuwa ameikariri orodha ya maneno kwa muda wa wiki chache.

Ushindi wa Richards ni ajabu ya kumbukumbu ya binadamu, lakini kwa mwalimu ni onyo pia. Mtu aweza kuyajua maneno ya lugha kwa maelfu, asiweze kuagiza chai kwa lugha hiyo. Mwanafunzi naye aweza kuunda ONSET kutokana na STONE, akapata alama, na asijue ONSET ni kitu gani. Katika shule ambazo Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia fizikia, biolojia na jiografia, kujua umbo la neno bila maana yake ni umaskini uliojificha chini ya alama nzuri.

KISANDUKU CHA FUNGUO

Njia ya ufunguo yaweza kuiondoa kasoro hiyo ikiwa kila ufunguo utafungamanishwa na maana, na kazi hiyo haihitaji mashine. Yatosha kuwa na kisanduku cha karatasi ngumu na kadi zilizokatwa kutoka madaftari ya zamani. Juu ya kila kadi huandikwa ufunguo. Chini yake maneno yote yenye ufunguo huo. Mbele ya kila neno maana yake kwa Kiswahili. Na upande wa nyuma sentensi moja ya Kiingereza iliyotungwa na mwanafunzi mwenyewe. Neno lisilo na sentensi lisikubaliwe kisandukuni. Kadi hupangwa kwa alfabeti ya funguo.

Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akileta maneno 3 kwa wiki kutoka katika masomo yake, litapata maneno 120 kwa wiki. Kwa wiki 30 za masomo hayo ni maneno 3,600, yakiondolewa yale yaliyoletwa na zaidi ya mmoja. Mwanafunzi akipewa herufi, ataandika mafungu yake, ayapange kwa alfabeti, na kuyatafuta. Atakuwa anafanya kwa mkono kazi ile ile ambayo kompyuta hufanya kwa umeme, na ataielewa vizuri zaidi kuliko anayebonyeza tu kitufe.

Jambo moja lazima likumbukwe. Ufunguo usipopatikana kisandukuni, haimaanishi kwamba neno halipo katika Kiingereza. Maana yake ni kwamba darasa halijaliweka. Mwanafunzi hana budi kurudi kwenye kamusi, na akilipata neno, aiandike kadi mpya. Al-Khalil alifanya vivyo hivyo: hesabu ilimwonyesha mahali pa kutazama, na usemi wa watu ukampa jibu.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Herufi A, E, R, S na T zina mipangilio mingapi? Tafuta angalau maneno manne ya Kiingereza yanayotumia herufi zote tano, na ueleze maana ya kila moja.

2. Jina KILIMANJARO lina herufi 11, na baadhi yake zimejirudia. Mipangilio yake ni mingapi?

3. Kwa kutumia namba tasa zilizotajwa katika makala haya, tafuta maneno ya Kiingereza ambayo zao lake ni 2,210.

4. Herufi 10 zilizo tofauti hutoa mafungu mangapi, na kazi ya kuyatazama mafungu hayo ni ndogo mara ngapi kuliko kazi ya kupitia mipangilio ya herufi zote kumi?